Masika ya Mvukuto

Machi 3

Mvua imeanza leo, na paa la studio limeendelea pale lilipoishia mwaka jana. Nimetega ndoo kwenye kona ya viti vya wateja na beseni chini ya pazia la bluu, lile la picha za pasipoti. Mteja ni mmoja tu kutwa nzima, naye alikuja na mtoto aliyekataa katakata kufumbua macho.

Jioni Baba akaniita chumbani kwake. Nilidhani anataka kuwekewa matone yake ya macho. Nikamkuta ameketi kitandani, sanduku la bati magotini, na ndani ya sanduku mvukuto wake wa kamera. Sijauona tangu nikiwa msichana wa shule. Ni kitambaa cheusi kigumu, kimekunjwakunjwa kama cha kinanda cha kuvuta, kimekaa juu ya reli ya chuma. Mbele unafunga lenzi, nyuma unafunga kamera, na kadiri unavyouvuta ndivyo kitu kidogo kinavyotokea kikubwa. Enzi zake Baba aliutumia kupiga stempu, vito, na mara moja jino bovu la mtu ambalo daktari alitaka kuwaonyesha wanafunzi wake.

"Bosi, nataka uufunge huu kwenye kamera yako," akasema. Ananiita Bosi tangu aniachie studio, na mpaka leo sijui kama ni heshima au dhihaka. Nikamuuliza wa kazi gani. Akasema anataka kumwona Mama.

Machi 4

Jana niliishia njiani kwa sababu sikuweza kuendelea. Leo nieleze vizuri.

Mama alifariki nikiwa bado wa kubebwa mgongoni. Hatuna picha yake hata moja. Watu wakisikia wanacheka kwanza, mke wa mpiga picha asiwe na picha, kisha wakiniangalia wanaacha kucheka. Zilikuwepo chache, ukutani na kwenye albamu, zikaenda na maji mwaka ule mafuriko yalipoingia nyumba ya zamani, nikiwa bado sijatambua sura za watu. Kilichopona ni makasha ya negativu, zile filamu zinazotoa picha, yaliyokuwa juu ya kabati, na hizo ni picha za wateja, si zetu.

Ila Baba anasema imo moja. Mama ndiye aliyekuwa msaidizi wake. Kazi yake ilikuwa kusimama kando na kushika kitambaa kikubwa cheupe, mwanga urudi usoni mwa watu. Siku waliyopiga wafanyakazi wa kiwanda cha nyuzi alisogea mno akaingia kwenye picha, na Baba akamgombeza mbele ya kiwanda kizima. Ndiyo maana anaikumbuka.

Na haraka yake naijua. Baba ana presha ya macho. Daktari alishasema wazi kwamba kilichokwenda hakirudi, matone ni ya kukiwekea breki kilichobaki. Sasa hivi anaona katikati tu, pembeni kote giza, na hiyo katikati inazidi kubana.

"Sauti yake ninayo," aliniambia. "Mwendo wake ninao. Uso ndio umeniponyoka. Nataka niushike tena kabla sijafunga duka."

Machi 5

Negativu tumeipata. Nimeiweka juu ya sanduku la taa nikaiangalia kwa kioo cha kukuzia. Wafanyakazi safu tatu, mikono magotini, na ukingoni kabisa, kushoto, mtu ameshika kitambaa. Uso wake ni mdogo kuliko punje ya mchele.

Nimeupeleka ukanda wa filamu duka la vifaa vya ofisi wauskani. Uso umetoka kama unga uliomwagika. Kaka yangu, anayeishi mji mwingine na anayetuendeshea maisha kwa simu, akaniambia nipige negativu hiyo kwa simu tu, watu siku hizi wanafanya. Nimepiga. Unga uleule, na kivuli cha kidole changu juu yake. Chumba cha giza ndicho hiki nilichogeuza stoo, mashine ya kusafishia picha iliuzwa zamani na dawa zake hazipatikani tena. Lenzi ya kisasa ya kazi hii sina. Umebaki mvukuto.

Machi 6

Mvukuto na kamera yangu havikubaliani. Kamera za Baba zilikuwa na kioo ndani, kile kilichoruka na kutoa mlio kila ukipiga, kwa hiyo zilikuwa nene kama tofali. Yangu ni ya kisasa, haina kioo, ni nyembamba, na mdomo wake ni mpana. Tunahitaji ringi ya kuunganisha, upande mmoja mdomo wa zamani, upande mwingine mdomo wa sasa. Nimeulizia maduka yote ya mjini. Mwenye duka mmoja akaniuliza kama mvukuto ni wa mhunzi.

Machi 10

Nimekwenda kwa fundi wa mashine ya kukereza vyuma. Jina lake hakuna anayelijua, wote wanamwita Milimita, kwa kuwa kila kitu kwake ni milimita, hata umbali wa kwenda msikitini. Aliipima kamera mbele na nyuma, akaupima mvukuto, akaandika namba kwenye kiganja. Akasema atakereza ringi kwa alumini. Nikamuuliza kuhusu kile kijipini kidogo ambacho kwenye lenzi za kiwandani huzuia isizunguke kupita kiasi.

"Hicho cha nini, dada? Ikikaza utajua mwenyewe pa kuishia."

Machi 13

Ringi ya kwanza haiingii.

Machi 15

Ringi ya pili inaingia na kutoka yenyewe. "Nusu milimita tu," kasema Milimita, kana kwamba hiyo nusu imeletwa na mimi. Mvua. Umeme hakuna tangu asubuhi. Baba ameniuliza mara mbili kama fundi amepiga simu.

Machi 19

Ringi ya tatu imekaa. Nikafurahi kwa muda wa kunywa chai. Kisha nikaona kwamba kishikio cha kamera, kile kinachotokeza mbele ili vidole vishike vizuri, kinagonga reli ya mvukuto, kamera haizunguki hadi mwisho. Nikarudi kwa Milimita na mvua yangu kichwani. Akaongeza kipande cha bomba katikati ya ringi ili kamera ikae mbali na reli. Kimependeza, lazima niseme.

Jioni tukafunga vyote juu ya meza ya studio. Kamera nyuma, bomba, mvukuto, na mbele lenzi ya Baba ya chuma iliyopauka. Baba alikuwa ameweka mikono juu ya meza, hajagusa kitu, amekaa kama mteja. Nikabonyeza. Kamera haikupiga. Kwenye skrini ikaandika: hakuna lenzi.

"Imesemaje?" Baba akauliza. Maandishi yale madogo haoni tena.

Nikamwambia.

"Mwambie ipo. Mwambie imezaliwa kabla yake."

Nimejaribu kila kitu. Nimefungua, nimefunga, nimefuta, nimepuliza. Hakuna lenzi, hakuna lenzi.

Machi 20

Nimelala nikiamini ringi ya Milimita imeharibu kamera yangu, ndiyo riziki yetu. Asubuhi nikaisoma menyu yote tangu mwanzo, ukurasa kwa ukurasa, kazi ambayo sijawahi kuifanya tangu niinunue. Ndani kabisa, mahali ambapo mtu mwenye akili asingeenda, kuna kipengele cha kuiruhusu kamera ipige hata isipotambua lenzi. Kilikuwa kimezimwa. Nikakiwasha. Ikapiga.

Baba alicheka mpaka akakohoa. Sijamsikia hivyo muda mrefu.

Machi 22

Picha zinatoka na ukungu. Mvukuto unavuja mwanga. Tumeingia stoo, tukaziba dirisha, nikaingiza tochi ndogo ndani ya kitambaa, na kwenye kila kona ya mikunjo vikawaka vidoa vidogo vya mwanga. Baba akaniambia nivizibe kwa rangi nyeusi ya kucha, tone kwa tone, nisiukunje mvukuto mpaka rangi ikauke. Nikamuuliza kama anataka yeye ashike brashi na mimi nishike tochi.

Akainama karibu kabisa. Akaangalia, akaangalia.

"Mbona hakuna kitu hapa," akasema.

Vilikuwa vingi, mbele ya pua yake. Nikasema ngoja nivizibe mimi, kwani mkono wangu mdogo. Najua kwamba alijua. Akanishikia chupa ya rangi mpaka tone la mwisho.

Machi 27

Nimejaribu kwa punje ya mchele. Imejaa skrini nzima, ina ufa na ina vumbi mgongoni. Baba akasogeza uso hadi pua ikagusa skrini akasema, "Naiona." Tukapeana mikono kama wafanyabiashara.

Negativu hatujaipiga. Nje wanachimba mtaro wa barabara, na mashine ya kushindilia ikinguruma picha yote inacheza. Kitu kikivutwa kwa ukubwa huu hata lori likipita mtaa wa pili unaliona. Jumapili hawafanyi kazi. Tutapiga Jumapili.

Machi 29

Leo Jumamosi. Niandike yote kwa mpangilio.

Nilikwenda hospitali kuchukua matone ya Baba. Foleni ikawa ya kufa mtu. Kabla ya kutoka nilikuwa nimefungua kamera kutoka kwenye mvukuto, kwa sababu asubuhi nilipiga picha za pasipoti, nikaiacha mezani bila lenzi, imefunikwa kitambaa. Niliporudi nikamkuta Baba amesimama pale mezani, mikono miwili imeishika kamera na mvukuto, shingo imetoka mishipa. Anazungusha. Kinachozunguka hakuna.

Kamera za Baba, lenzi hufungwa kwa kuzungushwa kushoto. Amefunga hivyo maisha yake yote, gizani, kwenye mvua, akiwa anaongea na mtu mwingine. Yangu hufungwa kwa kuzungusha kulia. Alipoipapasa, mkono wake ukafanya ulichozoea. Lenzi ya kiwandani ingemkatalia hapohapo. Ringi ya Milimita, isiyo na kijipini, ikamkubalia, ikapita pasipopitwa, ikakwama. Naye alipoona imekwama akadhani haijakaza, akaongeza nguvu.

Nilipojaribu kuirudisha nikasikia kitu kinakatika ndani ya mdomo wa kamera.

Nikapiga kelele. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Nilimuuliza kama hakuweza kusubiri siku moja, siku moja tu. Baba akasimama pale, mikono imening'inia, anauangalia ukuta uliokuwa kando yangu akidhani ni mimi.

"Nilipoamka leo, kwa muda dirisha halikuwepo," akasema. "Nikasema nisipoiona leo sitaiona."

Nikamketisha kitini, nikamwekea matone yake. 

Machi 30

Jumapili. Barabara kimya, hakuna mashine, hakuna lori. Milimita amekuja na mafuta na koleo, ametoka jasho. Haitoki. Kasema anaweza kuikata kwa msumeno, nikamtoa nje kwa adabu.

Machi 31

Kamera, na ringi mdomoni, imepakiwa kwenye basi kwenda kwa fundi wa kamera wa mji mkubwa. Nimeifunga kwa mataulo mawili. Kondakta aliniuliza kama ni mayai.

Aprili 2

Fundi amepokea. Kasema ataangalia.

Aprili 4

Ringi ameitoa. Pini ya kufungia imevunjika na pete ya mdomo imepinda. Vipuri vinaagizwa.

Aprili 5

Mvua.

Aprili 6

Mvua. Wateja wa pasipoti nawaelekeza kwa yule jirani niliyekuwa namcheka kwa mapazia yake ya waridi.

Aprili 9

Nilimpeleka Baba kliniki. Daktari, kijana mpole anayeongea kama anaomba radhi, alimwangalia macho kwa taa, akaniangalia mimi, akamwangalia tena. Presha imepanda licha ya matone. Akasema kuna upasuaji wa kuishusha, tarehe ya karibu ni mwezi wa sita. Nikamwambia mwezi wa sita ni mbali. Akasema, "Najua, dada." Nilimchukia kwa kuwa hana kosa.

Njiani Baba alinishika mkono tukivuka mtaro. Zamani alikuwa anaushika kana kwamba ananivusha yeye. Leo hakujifanya.

Aprili 12

Kaka amepiga. Kwa nini niliiacha kamera mezani. Kwa nini sikufunga mlango wa studio. Kwa nini sikwenda kwa fundi mwenye cheti. Nikamwacha amalize, kisha nikamwambia aje amwekee Baba matone yeye, mara nne kwa siku, halafu tuongee. Akasema mtandao wake unakatika.

Aprili 15

Baba amemimina chai kando ya kikombe. Nikapangusa. Sasa namimina mimi kabla hajafika mezani, naye anafika mezani kama hajagundua.

Aprili 17

Vipuri vimefika kwa fundi. Daraja la kuja huku limekatika.

Aprili 18

Daraja bado.

Aprili 20

Kwa kukosa kazi nimefungua makasha ya negativu yaliyobaki, nione hali yake. Kuvu imeingia. Kwenye kanda nyingine imetawanyika kama mizizi, kwingine imekula picha ikaacha filamu tupu. Nimezianika ndani, karibu na jiko, mbali na mvuke. Kila nikiponya moja naona mbili zimekwisha. Ile ya kiwanda nimeiweka kwenye kopo la maziwa pamoja na mchele mkavu, na naifungua kila saa kuiangalia kama mgonjwa.

Hapo ndipo nilipogundua jambo. Nilikuwa napitisha kanda juu ya taa: wafanyakazi wa benki, timu ya mpira wa pete, darasa zima la wauguzi. Na ukingoni, mara kulia mara kushoto, kipande cha kitambaa cheupe, cheusi kwenye negativu. Kiwiko. Sketi. Kwenye baadhi, kichwa kizima.

Nikamuuliza Baba. Akasema bila hata kufikiri, "Ah, alikuwa anaingia sana. Nilikuwa nawakatia wateja pembeni." Maana yake, akishasafisha picha, alichukua mkasi akapunguza ukingo, mteja akapewa picha yake safi, na kile kipande kikaenda kwenye ndoo ya taka. Alichokumbuka kama picha ya Mama ni ile moja tu, aliyomgombeza. Nyingine zote zilikuwa kwake ni kazi ya mkasi.

Nilimwambia kwamba kwa hesabu ya haraka yumo kwenye nusu ya kanda. Akauliza, "Uso?" Nikamwambia baadhi uso. Akajilaza chali akaangalia dari asiloliona.

Aprili 24

Daraja bado.

Aprili 26

Leo asubuhi Baba aliniuliza kwa nini sijawasha taa. Ilikuwa imewashwa.

Sijui nifanye nini. Nimeandika sentensi hiyo, nimeiangalia, na ndiyo hiyo tu. Nimezoea kwamba kila kitu kina fundi wake. Paa lina fundi, kamera ina fundi, ringi ina fundi hata kama ni Milimita. Nilikaa naye kitandani tukasikiliza mvua, na kila nilichofikiria kusema kilikuwa na neno kuona ndani yake.

Aprili 27

Daktari amesema tuje kesho. Tutakwenda. Najua atakachosema.

Aprili 28

Amekisema.

Mei 2

Mvua imepungua. Milimita alikuja na ringi ya nne, safari hii ameiwekea kijipini, kidogo, kimenyooka, amekisugua hadi kinang'aa. Hakutaka chochote. Alimkuta Baba barazani akamwamkia, kisha akamwambia ametumia alumini nzito zaidi. Baba akasema ni vizuri. Alipoondoka nilimwona anajifuta uso pale mtaroni, na hakukuwa na mvua wakati ule.

Mei 6

Darajani limepita gari la kwanza. Kamera imefika na mataulo yangu mawili, yamefuliwa.

Baba alisikia mkasi ukikata kamba za boksi. Sasa anajua dirisha na ukuta tu, penye mwanga na pasipo. Akauliza, "Imekuja?" Nikasema imekuja. Nikamuuliza kama bado anataka. Nilitamani akatae, nikiri hapa, kwa sababu sikuona faida yake tena na nilichoka kuona vitu vikifika vikiwa vimechelewa.

"Piga, Bosi," akasema. "Wewe pia hujamwona."

Hilo sikuwahi kulifikiria. Muda wote nilikuwa mtumishi wa macho yake.

Mei 7

Mtaro umekwisha, mashine zimeondoka. Nimefunga kamera, nimezungusha kulia, kijipini cha Milimita kikaizuia mahali pake. Negativu juu ya sanduku la taa, mvukuto umevutwa hadi mwisho wa reli. Nilibana pumzi nikapiga. Nikaigeuza kwenye kompyuta, nyeusi ikawa nyeupe na nyeupe ikawa nyeusi.

Mama yangu ni mdogo kwangu. Hicho ndicho nilichoona kwanza. Ningemkuta barabarani ningemwita mdogo wangu. Amefunga kitambaa kichwani upande, fundo liko juu ya sikio. Kuvu imepita begani kwake, uso haujaguswa. Nililia bila sauti ili Baba asisikie, akasikia.

Nikamletea Baba kiti. Akakaa mbele ya skrini kama alivyokaa siku ya punje ya mchele, pua karibu kabisa, kisha akajirudisha nyuma taratibu akaegemea.

"Haya, niambie."

Nikaanza. Macho makubwa kiasi. Pua imenyooka. Mdomo umefungwa.

"Hata mimi nina pua, Bosi."

Nikajitahidi. Nikamweleza paji la uso, nyusi zinavyokaribiana, kidevu, shavu moja limejaa kuliko jingine. Kila neno lilikuwa la kweli na hakuna lililomleta. Baba alikuwa anaitikia kwa kichwa, kwa upole, kama mtu anayeelekezwa njia ya mji asiokwenda. Nilikuwa na uso wenyewe mbele yangu, mkubwa kuliko wangu, na sikuweza kumpa. Hakuna siku nimejiona sina uwezo kama leo.

Baadaye akauliza, "Ameangalia wapi?"

Nikaangalia. Wafanyakazi wote wameikodolea kamera, kama alivyowaamuru. Mama peke yake hapana. Macho yake yamepita kando ya kamera, kuelekea kulia, juu kidogo.

"Ulikuwa umesimama wapi?" nikamuuliza.

Akafikiri. Kwa picha za kundi kamera ilikuwa kwenye stendi, na yeye alisimama kando, waya wa kubonyezea mkononi, akiwachunga wateja asije mmoja akapepesa.

"Upande gani?"

"Kulia kwa kamera. Siku zote."

"Basi anakuangalia wewe."

Akasema labda Mama alikuwa anasubiri amwambie ashushe kitambaa. Nikasema labda. Akasema, "Weka nyingine."

Nikaweka wafanyakazi wa benki. Pale kitambaa kimemziba nusu, limebaki jicho moja na shavu.

"Na hii?"

"Wewe."

Nikaweka timu ya mpira. Anacheka, nadhani kuna msichana aliyechekesha, wachezaji wote wanaiangalia kamera. "Na hii?" Wewe, Baba. Nikaweka wauguzi. Amechoka, tumbo limetangulia, na kasha limeandikwa mwaka niliozaliwa, mimi nimo humo ndani, mikono bado imeinua kitambaa. "Na hii?" Wewe. Hakutaka tena nimweleze pua wala kidevu. Aliuliza hilo moja tu, kila mara kwa sauti ileile, na kila mara nilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa la kweli.

"Na mimi nilikuwa namkata," akasema. "Kwa mkono wangu. Namtia kwenye ndoo."

Nikamshika bega. Hakulia. Akaniambia niendelee.

Ukanda uliofuata ulikuwa wa walimu, safu mbili, mbele ya ukuta. Nikaupanga, nikavuta mvukuto, nikapiga, nikaigeuza rangi. Kitambaa cheupe kipo. Vidole vinavyokishika vipo, hata pete inaonekana. Juu ya kitambaa kuvu imekula yote, uso hakuna, pana shimo jeusi tu.

Baba alikuwa ameinua kichwa, anasubiri.

"Na hii?"

"Wewe, Baba," nikasema.